Barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa: Tufundisheni kuitetea imani yetu

Kwenu Baba Maaskofu, wakuu wa majimbo, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa,



Ninawaandikia kwa heshima niliyo nayo kwa watu walionibatiza, walionifundisha na waliowazika wazazi wangu. Ninaandika hadharani kwa sababu haya nimeshayasema kwenye vikao vya usharika, yakaandikwa kwenye muhtasari, na hapo ndipo yalipolala. Mimi ni Mlutheri. Siku za kazi ni mhasibu, na kanisani ninafundisha darasa la kipaimara kwa kujitolea. Najua pia kwamba majirani zangu Wakatoliki, Waanglikana, Wamoravian na Wapentekoste wana kilio hikihiki, kwa hiyo na viongozi wao naomba wasome.

Kilio chenyewe ni kwamba makanisa yetu yamejaa watu, na sisi watu hao hatujafundishwa. Tunaimba vizuri, tunatoa, tunajenga. Lakini mtu akituuliza kwa nini tunamwamini Yesu Kristo, au imani hiyo inatutaka tufanye nini Jumatatu asubuhi, wengi wetu tunababaika. Mtume Petro, katika sura ya tatu ya waraka wake wa kwanza, aliwataka waumini wa kawaida kabisa wawe na jibu kwa yeyote atakayewauliza habari za tumaini lao, tena walitoe kwa upole. Agizo hilo hakuwapa maaskofu peke yao. Aliwapa watumwa, wake waliokuwa na waume wasioamini, na watu waliokuwa wakitukanwa mtaani kwa ajili ya jina la Kristo.

1. Mafundisho yetu yanakoma siku ya kipaimara.

Kijana anasoma darasa miaka miwili. Anakariri Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Sakramenti ya Altare. Anahojiwa mbele ya wazee, anavaa nguo nyeupe, anawekewa mikono, na nyumbani kunapikwa pilau kwa ndugu waliotoka mbali. Baada ya hapo hakuna darasa jingine linalomngoja mpaka aje na mchumba wake kutangaza ndoa. Mafundisho ya ndoa nayo, mara nyingi, yanaisha kwa vikao vichache.

Wakati huohuo shule inaendelea naye. Anafika kidato cha sita, anaingia chuo, anasoma baiolojia, historia ya ukoloni, falsafa na sheria. Akili yake inakua kila mwaka huku elimu yake ya dini ikibaki na umri wa miaka kumi na tano. Kwa elimu hiyo ya mtoto anatakiwa aamue mambo ya mtu mzima: aoe nani, akope wapi, ampeleke wapi mama yake anayeugua, amjibu nini mwenzake chuoni anayemwambia kwamba Mungu hayupo. Tunashangaa vijana wanaondoka. Mimi nashangaa wale wanaobaki, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuona aibu. Mwaka 1528 Martin Luther alizunguka sharika za Saksonia akakuta watu wazima waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana, na mapadre wasioweza kuwafundisha. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo Ndogo. Aliiandika ili baba na mama waitumie nyumbani, na wanawe na watumishi wa nyumba wakae waisikilize. Leo katekisimo hiyo kwetu ni kitabu cha mtihani wa watoto. Mzazi anamuuliza mwanawe kama amekariri. Ni wachache wanaokaa naye waisome pamoja, kwa sababu wao wenyewe waliifunga siku walipowekewa mikono.

2. Maswali yanahesabiwa kuwa utovu wa imani.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo panaponiuma zaidi. Nimeona kijana akiuliza swali zuri kabisa, na kiongozi akamjibu kwamba asimjaribu Mungu. Kijana alikaa chini. Hakuuliza tena, na baada ya muda hakuonekana tena. Katekisimo tunayomkaririsha imejengwa kwa maswali: kila amri na kila kipengele cha Imani kinafuatwa na swali la maana yake. Inakuwaje swali lililochapwa kitabuni liwe takatifu, na lile linalotoka kinywani mwa kijana liwe dhambi?

Maswali yenyewe si mengi. Darasani kwangu yanarudi yaleyale kila mwaka, na yana majibu.

Wanauliza kama Ukristo ni dini ya wazungu. Basi wafundishwe kwamba towashi wa Kushi alibatizwa njiani, katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume, kabla Paulo hajakanyaga Ulaya. Waambiwe habari za Perpetua na Felista, mama wawili waliouawa Karthago mwaka 203 kwa kukataa kumkana Kristo, mmoja akiwa ananyonyesha na mwingine akiwa ametoka kujifungua gerezani. Waambiwe kwamba Athanasio, aliyetetea uungu wa Kristo dhidi ya Ario hadi akafukuzwa mjini kwake mara tano, alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri. Waambiwe kwamba Agostino, ambaye Luther alikuwa mtawa wa shirika lililobeba jina lake, alizaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, alikuwa Mkristo katika karne ya nne, na falme za Nubia, katika nchi ya Sudan ya leo, zilikuwa na makanisa na maaskofu kwa karne nyingi. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, Injili ilikuwa imekaa Afrika miaka zaidi ya elfu moja na mia saba. Kijana anayeyajua haya hababaishwi, na hahitaji kuficha kwamba baadhi ya wamisionari walikuja wamefungamana na wakoloni. Atalisema hilo kweupe, kisha aendelee kuamini.

Wanauliza kama Biblia imebadilishwa. Ni swali la haki na lina ushahidi unaoshikika. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo walikuta magombo kwenye mapango ya Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi. Miongoni mwake lilikuwemo gombo zima la Isaya, kongwe kwa takriban miaka elfu moja kuliko nakala za Kiebrania ambazo wasomi walikuwa wakizitegemea. Walipolilinganisha walikuta tofauti za tahajia na za maneno hapa na pale, na kitabu kikiwa kilekile. Kwa Agano Jipya kuna kipande cha Injili ya Yohana kilichohifadhiwa Manchester, Uingereza, ambacho wasomi wengi hukiweka katika karne ya pili. Nakala hazilingani neno kwa neno, na kijana aambiwe hivyo. Aambiwe pia kwamba tofauti hizo zinajulikana, zimeandikwa pembeni mwa matoleo ya kitaaluma, na hakuna anayezificha.

Wanauliza kama kweli Yesu alifufuka. Waonyeshwe sura ya kumi na tano ya Wakorintho wa Kwanza, waraka ulioandikwa karibu mwaka 55, ambamo Paulo anawataja mashahidi, wakiwemo ndugu zaidi ya mia tano kwa mkupuo mmoja, na anasema wengi wao wangali hai. Mtu mwenye hadithi ya kubuni hawaelekezi wasomaji wake kwa mashahidi wanaoweza kuulizwa. Waambiwe pia kwamba Tasito, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato.

Na wanauliza kwa nini Mungu anaacha mtoto afe. Hili sina jibu la kulimaliza, wala sidai kwamba ninyi mnalo. Lakini msibani tumezoea kusema kazi ya Mungu haina makosa, tukaketi, kana kwamba mama aliyezika mwanawe amekwisha kujibiwa. Ayubu aliwasikiliza rafiki waliokuwa na majibu mepesi kama hayo. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale rafiki, kwa kuwa hawakunena vema habari zake kama Ayubu, yule aliyelia na kubishana. Zaburi nyingi ni malalamiko ya watu wanaoamini. Mbona hatuzifundishi kwenye misiba yetu?

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa miezi michache, na mtu yeyote anayejua kusoma. Wachungaji wetu wameyasoma vyuoni. Yamebaki vyuoni.

3. Pale mlipoacha kufundisha, wengine wanafundisha.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya uponyaji cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa hospitalini, wengine wakaacha dawa, na wapo waliofia kwenye foleni. Viongozi wetu wengine walimuunga mkono hadharani. Wengi walinyamaza. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako yaliyomwagwa chini ili wayakanyage. Moshi ni mji uliozungukwa na sharika kongwe, katika mkoa ambao wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Na mwaka 2023, ng'ambo ya mpaka, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao alikuwa amekwisha kuwakataza shule na hospitali.

Watu hawa msiwaite wajinga. Wengi wao ni waumini wetu: Jumapili wako nasi, Jumatano wako kwenye foleni ya mafuta. Wamebeba magonjwa yasiyopona, ndoa zilizovunjika, watoto wasio na ajira. Wanakwenda anakowaita mtu aliyewatazama usoni na kuwaambia kwamba ana neno kwa ajili ya shida yao. Hawana kipimo cha kumpima, kwa sababu hatujawapa. Waberoya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli, na Luka anawasifu kwa hilo. Muumini wetu akimchunguza mhubiri anaambiwa asimguse mtumishi wa Mungu.

Tena tazameni sura ya tano ya Yakobo. Mgonjwa anaambiwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Hakuna bei iliyotajwa. Ni wazee wangapi kati yenu hufanya hivyo kila wiki, nyumba kwa nyumba? Mafuta yanayouzwa kwenye chupa yamepata soko kwa sababu yale ya bure tumeyaweka kabatini.

4. Hatuhubiriwi habari za kazi zetu.

Ninafanya kazi na fedha, kwa hiyo nitasema ninayoyaona. Mhasibu Mkristo analetewa hati ya malipo ya semina hewa aisaini. Mwenye duka Mkristo anamuuliza mteja kama anataka bei ya risiti au bei isiyo na risiti. Mwalimu anatafuna masurufu ya safari ambayo haikuwahi kufanyika. Dada wa kwaya amechukua mkopo wa riba ya kunyonya, ule uitwao kausha damu, na amenyang'anywa friji na godoro. Kijana wa kipaimara wa miaka mitatu iliyopita anakesha na mikeka ya kubeti. Wote hawa wako kanisani Jumapili, na mahubiri yanawaambia wawe na imani, Mungu atafungua milango. Mlango gani? Yule mhasibu akikataa kusaini, atahamishwa au atafukuzwa. Nani amemwandaa kwa hilo? Nani usharikani atamlisha wakati anatafuta kazi nyingine?

Kanisa la ukanda huu limewahi kujua mambo haya. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapita Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya, uliwafanya watu warudishe walichoiba, walipe madeni ya zamani, wapatane na wake zao na majirani zao, kama Zakayo alivyorudisha mara nne. Wakati wa Mau Mau baadhi ya watu wa uamsho huo walikataa kula kiapo na walikataa pia kushika bunduki za serikali, na wengine waliuawa kwa hilo. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 siku chache baada ya maaskofu wa Uganda kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Watu wa aina hiyo waliundwa na mikutano midogo ya kila wiki ambamo mtu aliungama kwa majina na kwa kiasi cha fedha, akaombewa na kuonywa. Jumuiya zetu za leo zinasoma mistari miwili, zinakusanya michango, zinafunga.

5. Tumeachiwa mabishano, tukanyimwa ujirani.

Tunaishi na Waislamu nyumba moja, ofisi moja, na wengine ni wajomba na mashemeji zetu. Tangu mihadhara ya hadhara ya kubishania dini ya miaka ya 1980 na 1990, Mkristo wa kawaida amejifunza kujibu kwa kukashifu, au kunyamaza kwa hofu. Jirani yangu akiniuliza kwa heshima kwa nini nasema Mungu ni mmoja na bado namwita Baba, Mwana na Roho, anastahili jibu lenye heshima. Tufundisheni Utatu kwa lugha tunayoweza kuibeba hadi barazani, na mtukanye kutukana dini ya mtu.

6. Muda upo, na fedha ipo.

Mtasema ratiba imejaa. Tazameni inakwenda wapi. Matangazo, utambulisho wa wageni, bahasha za ahadi, harambee, na mnada baada ya ibada ambapo mkungu wa ndizi unauzwa mara tatu. Sipingi mnada, umejenga nusu ya makanisa yetu. Ninachodai ni kwamba usharika unaoweza kukaa nje saa nzima ukinunua kuku na mayai unaweza kukaa saa moja ukijifunza. Kwenye bajeti za sharika ninazozifahamu, fungu la mafundisho ya watu wazima ama ni dogo kuliko fungu la maua ama halipo kabisa.

Ninaomba haya, na ninaomba yajibiwe.

Anzisheni darasa la watu wazima katika kila usharika, la kudumu, lenye mtaala wa angalau mwaka mmoja: Biblia ilivyotufikia, historia ya Kanisa kuanzia Afrika, mafundisho ya Imani, na maadili ya kazi na fedha. Lisiachiwe mwinjilisti peke yake. Wamo katika sharika zetu walimu, madaktari, wanasheria na wahasibu waliokaa kwenye viti miaka yote bila kuombwa lolote zaidi ya mchango.

Tengeni jioni moja kila mwezi iwe ya maswali tu, mchungaji akiwa mbele, na swali lolote liruhusiwe, hata lisilo na jina la mwulizaji. Mchungaji asipojua aseme ataenda kusoma, kisha arudi na jibu.

Katekisimo irudi nyumbani. Mzazi anayemleta mtoto kipaimara aandikishwe pamoja naye, na ahudhurie angalau sehemu ya masomo.

Wazee wa kanisa waende kwa wagonjwa, waombe, wapake mafuta, wawasisitizie dawa za hospitali, wasipokee hata shilingi. Na anapotokea mhubiri anayeuza uponyaji au kuwakataza watu hospitali, toeni tamko kwa maandishi wiki hiyohiyo, lisomwe kwenye mitaa yote. Baada ya maziko ni kuchelewa.

Kila usharika uwe na mfuko, hata mdogo, wa kumsaidia muumini aliyepoteza kazi kwa kukataa kuiba. Mkifanya hilo moja tu, mahubiri yenu juu ya rushwa yatasikika.

Najua mizigo yenu. Mchungaji mmoja anahudumia mitaa mingi, anazika, anafungisha ndoa, anasuluhisha, na mshahara unachelewa. Ndiyo maana siombi mfanye kila kitu wenyewe. Ninaomba mtufundishe ili nasi tufundishe, kama Akila na Prisila, mafundi wa mahema, walivyomchukua Apolo nyumbani wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Darasa jipya la kipaimara linaanza Januari, na maswali yatakuja yaleyale. Naomba kabla ya hapo kila baraza la wazee liweke jambo hili kwenye ajenda yake, lilipigie kura, na liwatangazie waumini Jumapili moja kile lilichoamua, hata kama limeamua kukataa.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu wa kipaimara, mkoa wa Arusha